Meza ya Shangazi: Bia nzito, siga na jua la Ybor City

Joto la Florida likishuka kidogo, barua zangu hubadilika harufu. Mnaacha kuniuliza habari za samaki wa kukaanga, mnaanza kuniuliza habari za matamasha. Mwezi huu barua sita zimegusa jambo moja: tamasha la mtaa hapa Tampa linalokutanisha bia za kilevi kikali kutoka viwanda vidogo na siga, zile tumbaku nene zinazosokotwa kwa majani matupu bila karatasi. Hema hupigwa pembeni ya Seventh Avenue, mtaa wa Ybor City. Upande mmoja wanamimina bia, upande wa pili mzee amekaa na ubao wake anasokota. Mimi nimesimama upande wa bia kwa miaka saba nikimimina, na kabla ya hapo nilikulia katika nyumba ya mkulima wa tumbaku, Namtumbo. Haya mambo nimeyashika kwa mikono yangu.

*

*Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Kigoma, naezeka mapaa hapa Kissimmee. Bosi wangu amenikatia tiketi ya hilo tamasha. Bia nakunywa, ila za kawaida, na siga sijawahi hata kuishika. Nasikia bia yenyewe wanatoa kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa. Sitaki kuonekana mshamba mbele ya wenzangu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Kwanza kula. Kula kabla hujatoka nyumbani, wali na maharage au ugali na nyama, chakula cha kukaa tumboni. Halafu nisikilize vizuri kuhusu hicho kikombe kidogo, maana ndicho kinachowaangusha watu wazima mbele ya macho yangu kila mwaka.

Kikombe cha kuonjea kina kama mililita 60. Ukikitazama unaona funda mbili tu. Lakini bia iliyomo humo ina kilevi asilimia 10, 11, mara nyingine 13. Piga hesabu na mimi. Chupa ya nusu lita uliyoizoea, yenye asilimia 5, ina mililita 25 za kilevi kitupu. Kikombe kimoja cha bia ya asilimia 11 kina karibu mililita 7. Vikombe vinne, basi, ni chupa yako nzima na ziada kidogo. Tiketi ikikupa vikombe ishirini ukavimaliza vyote, umekunywa chupa tano na kitu, ndani ya saa tatu, juani, huku ukiamini hujanywa chochote kwa sababu mkononi hukuwahi kushika chupa. Nimemwona fundi bomba mwenye kifua kama mlango akikalishwa chini na vikombe kumi na viwili.

Chagua sita. Soma ubao, uliza, chagua sita, na kati ya kimoja na kingine kunywa glasi ya maji. Gari liache nyumbani. Kiwango cha kilevi katika damu kinachokatazwa barabarani hapa Florida ni asilimia 0.08, na mtu hafiki hapo kwa ulevi wa kuyumba. Anafika akiwa bado anajiona yuko sawa.

Sasa ustaarabu wenyewe. Hii bia haiombwi baridi ya kuumiza meno. Ukipewa ya baridi, ikumbatie kikombe kwa kiganja dakika tano. Inapopata joto kidogo, kama nyuzi 12 hivi, inafunguka: kwanza unanusa kahawa, halafu zabibu kavu, halafu kitu kama sukari guru iliyoanza kuungua. Bia nyeusi nzito ukiimimina inashuka pole pole, na povu lake lina rangi ya chai ya maziwa, halikai. Wageni wengi hudhani povu likipotea bia imeharibika. Hapana, kilevi kikali ndicho kinacholivunja.

Na uikubali kazi iliyomo ndani yake. Kupata bia ya namna hii mpishi anatumia kimea cha shayiri karibu mara mbili ya kile cha bia ya kawaida, anachemsha kwa saa nyingi, halafu anaitegemea hamira imalize sukari yote. Hamira nayo ni kiumbe, kilevi kikizidi inachoka, na mpishi asipoitunza inakufa njiani na bia inabaki tamu ya kukera. Ikishachachuka, nyingine zinapelekwa kulala kwenye pipa la mwaloni lililokuwa na wiski ya bourbon, miezi sita, hata mwaka. Unajua kwa nini mapipa hayo yanapatikana? Sheria ya Marekani inataka bourbon ilale katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Pipa likishatumika mara moja, mwenye bourbon hawezi kulitumia tena kwa bourbon. Analiuza. Nimewahi kufungua kizibo cha pipa la namna hiyo lililofika asubuhi kutoka Kentucky, likiwa bado limelowa kwa ndani, nikaweka pua. Vanila, moshi, mbao, na joto linalopanda mpaka machoni. Huyo ndiye mtu unayekwenda kukutana naye kwenye kikombe chako, kwa hiyo msalimie taratibu.

Siga ukipewa, kata ncha iliyofungwa, kidogo tu, kama unene wa shilingi mbili zilizopandana. Ukikata sana jani la nje linafumuka. Kuwasha, usiichome ndani ya moto, ishike juu ya ulimi wa moto huku unaizungusha mpaka mdomo wake wote uwe mwekundu. Moshi unakaa kinywani kisha unautoa. Usiumeze. Pafu moja kwa dakika inatosha, na ukichoka iweke kwenye kisahani cha majivu izime yenyewe. Kuisigina ndiko kunakotoa harufu mbaya. Na kama hutaki kuvuta, mwambie bosi wako, "Asante, mimi naonja bia tu." Sijawahi kuona mtu akidharauliwa kwa hilo pale.

*

*Dada, mwaka jana nilikwenda na mume wangu. Nilikunywa vikombe viwili tu, halafu nikavuta siga karibu nusu. Ghafla nikatoka jasho baridi, mikono ikatetemeka, nikatapika nyuma ya hema. Mume wangu mpaka leo anasema nililewa. Mimi najua sikulewa. — Lakeland*

Hukulewa, mdogo wangu. Ile ni tumbaku, na mimi naijua hali hiyo tangu nina miaka tisa.

Nyumbani kwetu tulikuwa tunavuna tumbaku asubuhi na mapema, umande ukiwa bado juu ya majani. Watoto ndio tuliokuwa tunabeba, tunakumbatia majani mabichi kifuani mpaka gauni linalowa na kugandana na ngozi. Ikifika saa nne, mmoja wetu lazima atatapika chini ya mti. Kichwa kinazunguka, mate yanajaa, tumbo linapinduka. Mama alikuwa anatupa uji wenye sukari na kutulaza kivulini, na watu walisema ni jua. Haikuwa jua. Nikotini inayeyuka kwenye umande na kupenya ngozini. Madaktari wanao ugonjwa huo kwenye vitabu vyao, ni ugonjwa wa wavunaji wa tumbaku mbichi, na hauchagui Namtumbo wala Kentucky. Tulikuwa tunaugua tumbaku bila kuivuta hata pafu moja.

Wewe umeipata kwa njia ya mdomo. Moshi wa sigara ya kawaida una uchachu, ndiyo maana mvutaji anaupeleka mapafuni, bila hivyo hapati kitu. Moshi wa siga hauna uchachu huo, uko karibu zaidi na magadi, na nikotini yake inapita kwenye ngozi laini ya mashavu hata usipovuta ndani. Tena siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Wewe mtu usiyevuta umekaa nusu saa na nusu pakiti mdomoni, tumbo likiwa na bia. Ingekuwa ajabu usingetapika.

Ikikutokea tena: iweke chini, ondoka kwenye moshi, kaa, kunywa maji, kula kitu chenye sukari. Soda ya kawaida inasaidia. Kwa kawaida inapita ndani ya muda mfupi, lakini ukiona moyo unakwenda mbio na haushuki, au unapoteza fahamu, hapo ni hospitali.

Na kwa kuwa umeniita dada, nikuambie lililobaki. Kutomeza moshi hakumlindi mtu. Siga inaleta saratani ya kinywa, ya koo, ya umio, na pombe ikikaa pamoja na tumbaku hatari hizo mbili hazijumlishwi tu, zinazidishana. Mimi nasimama kwenye hilo tamasha na ninalipenda, lakini siga niliacha. Ninainusa ikiwa haijawashwa. Jani lililolala miaka linanuka kama ghala la nafaka, kama kakao, kama ngozi ya viatu vipya, na harufu hiyo haina deni. Mwonyeshe mumeo ukurasa huu.

*

*Shangazi, mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Atlanta. Nimealikwa na marafiki kupanga meza ndogo ya bia nzito na siga kabla hatujateremka Tampa wote. Rafiki yangu anashikilia tuanze na IPA. Mimi naona kama haikai vizuri. Nani yuko sahihi?*

Uko sahihi wewe, na ulimi wako umekuambia kabla yangu. IPA ni bia yenye uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na uchungu ule unakausha kinywa. Moshi nao unakausha. Ukiviweka pamoja unapata ukakasi mtupu, kama mtu aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Wapo wanaopenda. Mimi nimewatazama nyuso zao kutoka nyuma ya meza kwa miaka saba, na wengi wanamaliza kikombe kwa adabu tu.

Kanuni yangu ni uzito kwa uzito. Siga nyepesi, ile yenye jani la nje la rangi ya maziwa ya kahawa kutoka bonde la Connecticut, mimea yake inakuzwa chini ya vitambaa ili jua lisiikomaze sana. Hiyo ukiipa bia nyeusi ya asilimia 12 inazama, husikii kitu. Ipe bia ya Kijerumani ya kimea, aina ya doppelbock. Ina kilevi cha asilimia 7 au 8, na ladha yake ni mkate uliobanikwa vizuri. Watawa wa Munich walikuwa wakiipika kwa ajili ya mfungo, iwashibishe.

Siga ya kati, hasa yenye jani la nje la Kameruni, ndiyo ninayoipenda kuipanga. Jani lile ni jembamba na lina vipele vidogo ukilipapasa, na harufu yake ni ya viungo, kama mdalasini na pilipili manga. Likae na bia za shayiri za Kiingereza zinazoitwa barley wine, "mvinyo wa shayiri". Jina hilo lisikudanganye, hakuna zabibu humo. Ni bia ya rangi ya asali ya msituni, asilimia 9 mpaka 12, na tende zimejaa mdomoni. Wewe mtu wa Mombasa fikiria kahawa chungu na tende: utamu unasubiri, uchungu unapita, utamu unarudi. Hapo ndipo siga na bia hii zinapokutana. Lakini tafuteni iliyolala mwaka mmoja au miwili. Barley wine za Kimarekani zikiwa changa zina hopsi kali kama IPA, na mtarudi kwenye ugomvi ule ule.

Siga nyeusi, maduro, jani lake la nje limechachushwa kwa joto muda mrefu mpaka likawa kama chokoleti. Hiyo sasa ndiyo inayoweza kukaa meza moja na stauti ya kifalme. Hizo ni bia nyeusi nzito zilizokuwa zikipikwa London karne ya 18 na kupelekwa kwenye jumba la kifalme la Urusi. Hapa Tampa tunayo moja iliyojipatia jina, Hunahpu's, ya kiwanda cha Cigar City kilichoanza kuuza bia mwaka 2009. Ina asilimia 11, na ndani wanatia kakao, vanila, mdalasini na pilipili kavu za Meksiko. Pilipili haichomi mara moja. Unameza, unanyamaza, kisha kifua kinapata joto. Ukivuta maduro nyuma ya hapo moshi unakuwa mtamu.

Kuna jambo watu hawalitazami: siga inabadilika njiani. Theluthi ya kwanza ni nyepesi, ya mwisho ni kali, maana mafuta na moto vinasogea kuelekea kwako. Kwa hiyo kikombe kilichokaa vizuri mwanzoni kitazidiwa mwishoni. Pangeni bia mbili kwa siga moja, ya mkate kwanza, ya chokoleti baadaye. Na mezani wekeni jibini gumu, lozi na maji. Pilipili na achari ziacheni kabatini siku hiyo, hata kama ni za mama.

*

*Naweza kuja na siga za Kuba nilizonunua uwanja wa ndege wa Dubai? — Msomaji, Muscat*

Hapana. Kuanzia Oktoba 2016 msafiri aliruhusiwa kuingia nazo Marekani kwa matumizi yake, lakini Septemba 2020 ruhusa hiyo iliondolewa. Zitachukuliwa mpakani. Njoo mikono mitupu, siga za Ybor zipo.

*

*Assalaam aleikum shangazi. Mimi sinywi wala sivuti, ni Mwislamu wa Tanga, nauguza wazee hapa St. Petersburg. Wenzangu wa zamu wananisihi twende wote Ybor siku hiyo, wanasema nitapiga soga tu. Naona haya kukataa, lakini kukaa kwenye mahema ya bia siwezi. Kuna cha kufanya kwa mtu kama mimi?*

Waaleikum salaam, binti yangu. Kukaa kwenye mahema usikae, na haya usione. Waambie mtakutana saa sita mchana kwa chakula. Asubuhi yote iwe yako, na nitakuambia uitumie vipi, kwa sababu kitu kizuri kuliko vyote pale Ybor hakimo kwenye kikombe.

Mtaa ule una jina la Vicente Martínez Ybor, Mhispania aliyekuwa na viwanda vya siga Kuba, kisha Key West, akavihamishia Tampa. Mwaka 1886 siga za kwanza zikatoka. Nyuma yake wakafuata maelfu ya Wacuba, Wahispania na Waitaliano wa Sisilia. Ilipofika mwaka 1929 mji huu ulikuwa unasokota karibu siga milioni 500 kwa mwaka, kwa mikono. Hebu fikiria ukumbi wa watu mia kadhaa, kila mtu na ubao wake na kisu chake cha nusu mwezi, hakuna mashine inayonguruma, wamekaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Utafanya nini na masikio yako?

Walimwajiri msomaji. Yeye alikaa juu ya jukwaa katikati ya ukumbi, na kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti. Asubuhi magazeti, mchana riwaya. Mshahara wake haukutoka kwa mwenye kiwanda, wafanyakazi wenyewe walichanga kila wiki, na wenyewe walichagua kitabu. Mtu asiyejua kusoma jina lake alikuwa amesikia riwaya nzima nzima za Kihispania na Kifaransa, na alijua habari za migomo ya Ulaya. Wenye viwanda waliliogopa hilo, na mwaka 1931 wakawapiga marufuku wasomaji. Wafanyakazi wakagoma. Walishindwa, jukwaa likabomolewa, mahali pake ikawekwa redio. Kila nikipita mbele ya jengo la kiwanda nafikiria ule mchana wa kwanza, redio inaimba na hakuna wa kumwambia arudie sentensi.

Nenda kwenye bustani ya José Martí. Ni ndogo, utaipita usipoangalia. Pale palikuwa na nyumba ya Paulina Pedroso, mwanamke mweusi wa Kuba, aliyemhifadhi Martí kwake alipokuja kuwachangisha wasokotaji fedha za kudai uhuru wa nchi yao. Hiyo ardhi mpaka leo ni mali ya Kuba, katikati ya Florida. Halafu uulize habari za chama cha Martí-Maceo. Wacuba weusi na weupe walianza pamoja, lakini sheria za ubaguzi za Kusini ziliwafuata mpaka ndani ya ukumbi wao, na mwaka 1900 weusi wakajikuta nje, wakaanzisha chao. Wakakipa jina la Martí, mweupe, na la Maceo, jenerali mweusi, yote mawili. Mimi jina hilo hunigusa kila nikilisoma.

Kisha nenda ukaone kiwanda cha J.C. Newman, kile cha matofali mekundu chenye mnara wa saa, kilichojengwa 1910. Katika viwanda vyote vikubwa vya zamani, ndicho kilichobaki kikifanya kazi. Harufu ya tumbaku itakufikia kabla ya mlango, na hiyo haina dhambi. Njiani utawakuta majogoo wakivuka barabara bila wasiwasi, mji unawalinda, usishangae treni ya mtaani ikiwasubiri. Na ununue mkate wa Kikuba, mrefu kama mkono, una utepe wa jani la mnazi mdogo wa porini umelazwa juu kwa urefu wake wote. Jani ndilo linaloupasua mkate kwenye tanuru badala ya kisu. Ulitoe jani kabla hujauma. Wenzako wakikukuta na huo mkate saa sita, wao ndio watakaokuwa wanakuonea wivu.

*

*Shangazi, baba yangu analima tumbaku Urambo, nami nasoma Tampa. Nimetembelea hilo tamasha, nikaona siga moja inauzwa dola 15. Nikawaza kilo nzima ya tumbaku ya mzee. Kwa nini tumbaku yetu ya Tabora haitengenezi siga? Hatuna ujuzi au hatuna soko?*

Swali lako limenikalisha siku mbili, mwanangu.

Ya Urambo ni tumbaku ya mvuke. Baba yako anaitundika bani, yaani kibanda cha kukaushia, anawasha moto nje, joto linapita kwenye mabomba, na ndani ya wiki moja hivi jani limegeuka manjano ya dhahabu. Joto lile la haraka linaifunga sukari ndani ya jani, na sukari hiyo ndiyo inayoupa moshi uchachu niliomwelezea dada wa Lakeland. Ni moshi wa kwenda mapafuni, jani la sigara. Jani la siga linataka kinyume chake. Linatundikwa kwenye hewa ya kawaida kwa wiki nyingi likauke pole pole mpaka sukari yake iishe. Kisha linarundikwa marundo makubwa yenye uzito wake yenyewe, yanapata joto katikati, yanachachuka. Yanafumuliwa, yanapangwa upya, wa ndani nje, wa nje ndani, na kila yakifumuliwa hewa ya ukumbi inakuwa kali ya kutoa machozi. Baadaye linalala, mwaka, miaka miwili au zaidi. Nani Urambo anaweza kumsubirisha mwenye deni la mbolea miaka miwili?

Kwa hiyo usimfikirie mzee kama mtu asiye na ujuzi. Ana ujuzi wa jani jingine. Na Afrika siga tunazo: hilo jani la Kameruni nililolisifu limo kwenye siga za dola 15 unazoziona. Hata tumbaku ya moshi, ile ya kwetu Ruvuma inayokaushwa juu ya magogo yanayofuka, ina ndugu yake Italia. Siga za Toscano zinasokotwa kwa tumbaku ya moshi ya mbegu ya Kentucky. Nilipoinusa mara ya kwanza hapa Tampa niliiweka chini nikatoka nje, kwa sababu ilikuwa bani la baba yangu kabisa.

Mwaka 2016 nilipokwenda nyumbani nilimchukulia siga moja ya Ybor. Nilidhani ataivuta au ataiweka kabatini awaonyeshe wageni. Baba aliishika kwenye mwanga wa mlango, akaibinya kidole kwa kidole mpaka mwisho, kisha akaipasua kwa ukucha wa gumba. Nikataka kumzuia. Akayakunjua majani moja moja juu ya mkeka, akayalainisha kwa kiganja kama anavyofanya akiyapanga kwa madaraja kabla ya kufunga robota. Hili la nje alilitazama muda mrefu, halina hata tundu la sindano. La pili akasema ni la kufungia tu. Ya katikati akayatenga mafungu matatu, akagusa la kwanza: "Hili la juu ya mti, limeona jua, ndilo kali." La pili: "La kati, la harufu." La tatu: "La chini, amelitia ili iwake." Wasokotaji wa Ybor wana majina matatu ya Kihispania kwa majani hayo hayo, ligero, seco, volado, na ilinichukua mwaka mzima kuyajua. Baba hajawahi kuyasikia.

Akakaa kimya, kisha akauliza, "Huyu anayesokota, analipwa kwa siku au kwa siga?"

Sikujua. Niliporudi nilimuuliza mzee mwenye ubao pale kwenye hema, naye akainua kisu chake akanionyesha siga zilizopangwa mbele yake: kwa hizi, moja moja. Nikampigia baba simu kumwambia.

"Basi ni mwenzetu," akasema. "Sisi kwa kilo."